Ngome ya Da Salma na Joka Jipya

Jumapili, baada ya alasiri. Mvua ya vuli imekatika, lakini mifereji ya paa bado inamwaga maji kichochoroni na nyumba nzima inanuka chokaa mbichi.

Leo sina raha, na sababu yake nikimwambia mtu atanicheka. Kwa hiyo naiandika hapa. Mwenye kucheka na acheke huko huko aliko.

Kampuni ya vitofali imetangaza toleo jipya.

Basi, ndilo jambo lenyewe. Mimi ni mwanamke wa makamo, nasomesha hisabati sekondari, wazazi wa wanafunzi wananisalimia kwa heshima zao zote, na tangu juzi moyo unanidunda kwa ajili ya vitofali vya plastiki vya kupachikana, vile ambavyo wenzangu huwanunulia watoto wao sikukuu. Mtu mzima ovyo, ndiye mimi.

Picha alizileta Fuad kwenye kundi letu la simu. Tuko wanne tu humo, sote watu wazima wenye maradhi haya. Fuad yuko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Mji Mkongwe, na habari zote za vitofali humfikia yeye kwanza. Mwinyi ni seremala, jirani yangu wa chini hapa Kiponda. Bi Shemsa, muuguzi mstaafu wa kule Amani, ndiye mkubwa wetu. Wa nne ni mimi. Toleo lenyewe litatoka miezi michache ijayo, na ni la mambo ya hadithi tupu: ngome juu ya mwamba, joka la kijani lenye mabawa, mchawi mwenye ndevu hadi magotini, farasi anayeruka, na pango la zimwi ambalo mlango wake unavutwa kwa kamba.

Zogo lililozuka humo kundini si la kusimulia.

Mwinyi alikuwa wa kwanza kununa. Alizikuza picha, akazichunguza, akagundua kwamba kuta za ngome zimekuja vipande vizima vizima, si kitofali juu ya kitofali kama zamani. "Huku si kujenga, huku kupachika," alisema kwenye ujumbe wa sauti, randa ikisikika nyuma yake. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Halafu akatutumia picha ya ngome yake ya zamani, ile tuliyokwisha kuiona mpaka tumechoka. Fuad akamjibu kwamba yeye Mwinyi hajapata kupenda kitu chochote kilichotengenezwa baada ya yeye kuota ndevu. Ni kweli, na ndiyo maana ilimchoma.

Bi Shemsa alikawia, nadhani alikuwa anatafuta miwani. Kisha akaandika: "Jumba zuri mashaallah, lakini baraza liko wapi? Wageni wa mfalme wanakaa wapi?" Na baada ya muda kidogo: "Na huyo mchawi mbona hana hata chetezo? Anachoma nini na wapi?"

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yakafurika.

Lakini kilichonishika mimi si baraza wala chetezo. Macho yangu yalikuwa yamenasa kwenye lango la ile ngome mpya. Ni lango la tao, la kijivu, lina mnara huku na mnara huku. Mimi lango hilo nalijua. Halilingani kitofali kwa kitofali, lakini nalijua, kwa sababu langu liko chumbani, juu ya kabati, limefunikwa kanga.

Ile ngome tuliijenga mimi na dada yangu, Da Salma. Mjomba wetu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na safari moja alituletea ndoo ya vitofali vilivyochanganyika, bila karatasi ya maelekezo wala picha ya kuiga. Mimi nilikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, naye keshakuwa mwari, haifai tena kuonekana anacheza. Mama akimfokea, yeye hujibu kwamba ananiangalia mimi nisimeze kitofali. Huo ulikuwa uongo mtupu. Mimi nilikuwa nampa vitofali tu. Mjenzi alikuwa yeye.

Vitofali havikutosha. Mapaa ya minara tukayaezeka kwa vifuniko vya soda. Bendera ni kipande cha gauni langu la sikukuu, ambacho mama hakujua kimekatwa wapi. Zimwi letu lilikuwa chura wa plastiki tuliyemnunua viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja, na Da Salma ndiye aliyekuwa akimsemea, kwa sauti nzito ya puani, akimwomba binti wa mfalme amfungulie lango kwa sababu nje kuna mbu. Sijapata kusikia tena zimwi linalolalamikia mbu.

Halafu akaolewa Maskati.

Siku ya kuondoka kulikuwa na watu ngazi nzima, tukapata kuagana kidogo tu, mlangoni mwa chumba. Aliniambia, "Nitunzie ngome yetu." Nikamwambia naam. Tangu siku hiyo amekuja mara chache, kwa harusi na kwa misiba, nyumba imejaa watu, hata kupanda chumbani kwangu hakuwahi. Ngome nimeitunza. Kila wiki huishusha, nikaipangusa ule unga mweupe wa chokaa unaodondoka darini, nikaifunika tena. Anayeishi katika nyumba hizi zetu kongwe anajua, chokaa huingia hata ndani ya chai.

Sasa balaa langu ndilo hili. Kundi letu lina sheria, aliyoiweka Bi Shemsa: hafungui mtu boksi jipya mpaka avunje jengo la zamani mbele ya wenzake. Vyumba vyetu ni vidogo na tamaa zetu ni kubwa. Unavunja, tunaviosha vitofali pamoja kwenye beseni kwa sabuni, tunavianika kwenye nyungo juu ya paa, tunakunywa kahawa vikikauka. Kwa njia hiyo vitofali haviliwi na chumvi ya hewa, na nyumba hazigeuki maghala. Mimi treni niliivunja kupisha meli, meli nikaivunja kupisha mnara wa saa, na mnara wa saa, kwa kutaka kwangu sifa, nikampa zawadi ya harusi binti wa Bi Shemsa. Kilichobaki kwangu cha kuvunja ni ngome ya Da Salma.

Nikitaka ngome mpya, niivunje hiyo. Na nikiivunja, hakuna tena mahali popote palipojengwa na sisi wawili.

Fuad ana jamaa yake Dubai atakayetununulia, naye anataka majina leo kabla ya magharibi. Wenzangu wote wameshatoa. Hata Mwinyi, baada ya kununa kote kule, ameandika jina lake kimya kimya na anavunja ile ngome yake ya zamani wiki ijayo.

Basi baada ya chakula cha mchana nikaishusha ngome, nikaiweka kitandani, nikampigia dada yangu kumwomba ruhusa.

"Da Salma, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Nani kafa?"

Watu wa mbali wote hupokea simu hivyo. Nikamwambia hakufa mtu, nataka kuivunja ngome.

Akauliza, "Ngome gani?"

Jamani, niliumia. Miaka yote hiyo ya kitambaa na chokaa, halafu ngome gani! Nikaanza kumweleza kama anayemweleza mgeni njia: ngome ya ndoo ya mjomba, yenye vifuniko vya soda, yenye chura. Sikufika mbali. Alishaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Utaivunja vipi weye? Mie nliitia gundi."

Asiyejenga vitofali hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kwetu gundi ni aibu. Kitofali kikishatiwa gundi kimekwisha, hakitakuwa tena treni wala meli wala chochote. Nikaukamata mnara wa kulia nikauvuta. Haukutikisika. Nikajaribu lango, nikajaribu ukuta wa nyuma, nikatumia ukucha, nikatumia na ncha ya kisu cha siagi. Ngome nzima imeganda kipande kimoja.

Nikautazama ule weupe kwenye viungo. Chokaa haikai ndani ya viungo namna ile. Ni ukungu wa gundi kali, huo huo ambao Fuad akitaka kununua vitofali vya mtumba huniletea picha nimtazamie kama upo. Mimi ndiye bingwa wa kuutambua katika kundi zima. Na wangu nimekuwa nikiupangusa kwa kitambaa kibichi kila wiki nikilaumu dari.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nlikuwa nakujua. Una hasira kama pilipili. Nlijua nkishapanda ndege tu utaivunja kwa kunikasirikia. Na mie nlitaka nikiwa huku nijue ile iko pale pale."

Nilikasirika, kwa kweli. Mimi nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba nimeitunza kwa mapenzi, kumbe imejitunza kwa gundi. Nikamwambia kwamba ningeweza kujaribu kuivunja wakati wowote, na sikung'oa hata kifuniko kimoja, kwa sababu alinambia nitunze. Nikamwambia pia kwamba hakuniamini. Nilisema kwa sauti kubwa, bila shaka Mwinyi kule chini alisikia.

Da Salma hakucheka tena.

"Wallahi sikujua kama ungeitunza," alisema. "Ulikuwa mtoto."

Kisha akasema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Alisema alijua ngome gani. Alijua tangu nilipotamka neno kuvunja. Aliuliza tu ili apate pumzi.

Hapo nikalia. Na yeye pia, ingawa atakataa.

Nilipojifuta machozi nikawaandikia wenzangu kundini, nikaeleza yote, na ile aibu ya kutoitambua gundi nikaieleza pia, maana Fuad angeijua tu. Nilitegemea Mwinyi anitoe roho. Yeye akaandika neno moja, "Pole," na mimi najua kwa Mwinyi hiyo ni hotuba. Bi Shemsa akatoa hukumu: "Kilichotiwa gundi si jengo tena, ni fenicha. Fenicha haivunjwi. Mwandikeni jina lake." Mwinyi akaongeza kwamba atakuja kunipigia rafu ya kuwekea vitu ukutani, ngome mpya ipate pa kukaa, na mbao atachagua yeye kwa sababu mimi sijui mbao.

Kwa hiyo nimeruhusiwa. Nilidhani nitaruka kwa furaha, lakini nilikaa tu kitandani na ile fenicha yangu mapajani, nikiwaza habari za ngome mpya. Nani atamsemea zimwi?

Nikamtumia Da Salma zile picha zote, ngome, mchawi, joka, pango.

Akajibu upesi: "Mie nna wajukuu. Usinletee utoto."

Baada ya kitambo ukaja ujumbe mwengine.

"Hilo joka linafungua mdomo?"

Nikamuuliza Fuad, Fuad akasema linafungua, na mabawa yanakunjika. Nikamuuliza pia jamaa yake wa Dubai anarudi kwa njia gani. Anapitia Maskati. Basi nikampa Fuad majina mawili badala ya moja, na nikamwandikia dada yangu kwamba boksi lake litashushwa huko huko, tutafungua siku ile ile moja, simu zikiwa wazi, yeye kwake na mimi kwangu, ukurasa kwa ukurasa. Nikamwekea sharti moja tu, kwamba mara hii ni marufuku gundi.

Nilidhani ataudhika.

"Haya," ameandika sasa hivi. "Lakini na wewe ngome yako mpya usiivunje mpaka nije."

Nije. Sikumbuki lini alitumia neno hilo bila msiba wala harusi nyuma yake.

Nimemuuliza lini. Muadhini wa magharibi ameshaanza, na simu inaonesha anaandika, anaacha, anaandika tena.