Naserian Ameonekana Oldonyo Sambu

Jumapili jioni, Ngarenaro. Baridi ya Julai imekaza na Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, lakini mimi nina furaha ya kijinga.

Leo nimepanda hadi kijijini Oldonyo Sambu kufunga dishi la runinga kwa Mama Naserian. Binti yake anakimbia mbio ndefu huko Ulaya, na leo zilikuwa zinaonyeshwa moja kwa moja. Mama hajawahi kumwona akishindana. Majirani walijaa uani, jenereta inanguruma.

"Mwanangu, hata picha za mjini mlima unazizuia," aliniambia. "Hizo za Ulaya zitapitaje?"

Nikamweleza kwamba hizi zinashuka kutoka kwenye setilaiti, juu kuliko mlima wowote, kwa mawimbi ya maikrowevu. Zamani yalitufikia yamechoka, yakadakwa na madishi makubwa kama nyumba, ya serikali, kwa ajili ya simu za ng'ambo. Kadiri setilaiti zilivyoongezewa nguvu, madishi yakapungua ukubwa. Siku hizi nalipakia dishi kwenye pikapu.

Maelezo matamu. Picha hakuna.

Nilizungusha dishi mpaka mikono ikafa ganzi. Mbio zinakaribia kuanza, runinga imejaa chenga. Kusema kweli, niliogopa. Ndipo nikaliona tawi nene la mgrevilea, limelowa ukungu, limekaa kati ya dishi na setilaiti. Majani yenye maji huyameza mawimbi haya.

Mti wenyewe ulipandwa na marehemu mumewe. Nilisita kusema. Nikasema.

Mama aliingia ndani, akatoka na panga.

"Kata. Tawi litachipua. Mwanangu anakimbia leo."

Picha ikaja, safi kabisa! Naserian yuko katikati ya kundi, anahema, anasogea. Mama akawa anamhimiza kwa Kimaasai kana kwamba wako shamba moja. Naserian alimaliza wa nne. Tulishangilia mpaka mbuzi wakakimbia.

Kisha mama akanigeukia. "Na yeye ananiona?"

"Hapana, mama. Dishi hili linapokea tu."

Uso wake ulisinyaa, nikashindwa kuuangalia.

Nikamwambia kwamba mjini kuna kafe ya intaneti, dishi lake linapokea na kutuma, na kompyuta moja ina kamera. Naserian akikaa mbele ya kamera huko aliko, wataonana.

Jumamosi nitamfuata na pikapu. Ameshaniuliza avae shanga zipi.