Nilichomwambia Baba

Jumatatu, 5 Mei 2025

Insha ya pili ya kozi yangu ya saikolojia imefika. Kurasa kumi, mwisho Ijumaa tarehe 16. Mada: mawazo ya uchambuzi wa nafsi kuhusu kifo, na jinsi yalivyoingia katika maisha ya watu. Dkt. Dastan, mwalimu wetu, ameandika kwenye grupu kwamba hataki tunakili vitabu. Anataka mfano hai kutoka tulikozaliwa. Mfano hai wa kifo. Na wala hakuwa anatania.

Kliniki ninakouguza leo wagonjwa wachache, watu wako kwenye mavuno ya pamba. Nimesoma mchana kutwa. Yule daktari mzee wa Vienna, mwanzilishi wa mawazo hayo, anasema mambo mawili. La kwanza: ndani kabisa hakuna mtu anayeamini kwamba yeye atakufa. Wengine sawa, watakufa. Yeye hapana. La pili: humo humo ndani kuna kitu kinachotaka kutulia, kurudi kimya, kumalizana na kuishi. Nimeyaandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya friji la chanjo. Joyness wa mapokezi kaisoma, kaniuliza kama niko sawa.

Jumatano, 7 Mei

Mfano hai ninao. Najifanya siuoni.

Baba yuko kijijini kwetu Migato, tumbo limejaa maji, mashavu yameingia ndani. Mwisho wa mwezi uliopita nilimpeleka Mwanza. Daktari wa kule akavuta maji, akakata kinyama cha kupima, akanivuta pembeni: inaelekea ni saratani, ila subirini majibu, wiki tatu. Nikampigia kaka Mayunga. Akaamua pale pale kama anavyoamua mambo ya zizi: mzee asiambiwe. Aambiwe ana vidonda vya tumbo.

Ndivyo tulivyomfanyia mama mwaka 2019. Malaria, tulimwambia. Mwezi mzima anakufa kwa malaria! Siku ya mwisho aliniangalia kwa macho ya mtu anayejua anadanganywa na mtoto wake wa kumzaa, nami nikamnywesha maji nikamwambia utapona mayu. Sijajisamehe na sioni nitaanzia wapi.

Jumamosi, 10 Mei

Kurasa nne. Sehemu ya utamaduni imenitoka haraka. Huku kwetu hakuna anayekufa. Watu wanalala, wanatangulia, wanaitwa, wanatutoka. Jana kwenye msiba wa mtaani hapa Bariadi: fulana zenye picha ya marehemu akicheka, MC na spika zake, na mpiga video aliyewaambia wafiwa warudie kuingia getini kwa sababu mwanga haukukaa vizuri. Wakarudia. Wakalia upya. Sisi wengine tumenyanyua simu tunapiga picha jeneza, kana kwamba hayo mambo hayatuhusu. Yule mzee wa Vienna angekaa pale chini ya turubai, akaagiza soda, akaandika.

Mawazo yake yamefika huku hata bila jina lake. Semina ya wauguzi mwaka jana: mgonjwa ana haki ya kujua, kifo kisemwe, kisiposemwa kinaozea ndani. Padri kwenye mafungo, hivyo hivyo. Redioni kuna mama mmoja kila Alhamisi anawaambia wafiwa wayatoe moyoni. Mtu alikaa na wagonjwa wake Ulaya miaka mia iliyopita, leo maneno yake yanatoka kwenye redio ya muuza chipsi.

Ila hayajafika Migato. Migato ukimtajia mtu kifo chake, umekiita. Hilo nimeliweka kama mfano wa woga. Nimeliita "ukanaji wa jamii". Limependeza sana kwenye ukurasa.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia.

Nilifika Migato saa nne, baada ya misa ya kwanza. Mayunga alikuwa ameenda mnadani. Mkewe, Kabula, anachambua pamba uani, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Baba amekaa kivulini mwa kihenge cha nafaka. Nikapiga magoti, mwangaluka baba, akaitika kwa kasauti kembamba, akaniuliza habari za mjini, za kazi, za mvua, kwa utaratibu wake, hakuruka hata moja. Nikakaa chini. Nikasema yote. Kwamba si vidonda vya tumbo. Kwamba ni ugonjwa usio na dawa. Kwamba kama ana la kusema, la kugawa, la kusamehe, wakati ndio huu. Nilisema polepole, kwa Kisukuma, kama walivyotufundisha: sentensi fupi, mtazame usoni, mwachie kimya.

Nikamwachia kimya. Akakitumia chote.

Halafu akasema wabeja, ng'wanone, asante mwanangu. Akasema Mayunga asingeweza. Akaniuliza kama mama yangu naye aliambiwa. Nikasema hapana, tulimficha. Akatikisa kichwa. Kumbe yule aliondoka bila kufunga mzigo, akasema.

Nimelia njia nzima kurudi Bariadi, lakini kilio chepesi, cha kutua kitu. Nimeandika kurasa tatu kwa mkupuo.

Sikumwambia kwamba majibu ya Mwanza bado. Ingemchanganya tu. Na insha ni Ijumaa.

Jumatano, 14 Mei

Mayunga kapiga simu, mpaka ikabidi niiweke mbali na sikio.

Baba ametaja dume. Naandika hapa taratibu ili niielewe mwenyewe. Sisi watoto tulibatizwa kwa sababu ya shule, yeye hakubatizwa. Yeye ni wa mila. Na katika mila ya ukoo wetu mzee mwenye mji hufungwa ngozi ya dume alilolichagua mwenyewe, akazikwa zizini kwake, ng'ombe wakapita juu. Jana ameita wazee wawili, akaegemea fimbo, akawaonyesha lile jeusi lenye nundu iliyolala upande. Dume likishatajwa haliuzwi wala halifungwi plau. Na aliyelitaja hafufui mambo ya kuishi. Hulimi shamba ulilokwisha kuligawa, ndivyo Mayunga alivyoniambia baba amesema.

Tangu Jumapili anakunywa uji vijiko viwili. Anasema unatosha. Tena anacheka na watu, ametulia, anagawa vitu.

Mayunga akasema nimemuua. Nikamwambia asiwe mshamba. Neno hilo nimelitoa mimi, kwa kaka yangu mkubwa.

Ijumaa, 16 Mei

Insha imeenda. Kurasa kumi na moja. Baba yuko ukurasa wa nane na wa tisa, nimemwita "Mzee N.". Nimehitimisha kwamba kusema ukweli kulimletea amani.

Jumatano, 21 Mei

Mwanza wamepiga saa tano asubuhi.

Si saratani. TB ya tumbo. Inatibika. Dawa miezi sita, zipo hata hapa kwetu, bure.

Nilikuwa na mtoto wa chanjo mapajani. Nikamrudisha kwa mama yake, nikaenda nyuma ya kliniki, nikacheka.

Alhamisi, 22 Mei

Nilifika Migato na dawa nikikimbia kama mwendawazimu, sijasalimia mtu. Nikapiga magoti. Baba, utapona. Majibu yametoka, ni TB, ina dawa, hizi hapa.

Akaniangalia kwa huruma. Kwa huruma! Mimi!

Akasema, uliniambia haina dawa. Nikasema nilikosea, baba, nilisema kabla ya majibu. Akasema hapana, hukukosea, siku ile ulikuwa unanitazama usoni. Leo unatazama vidonge. Akasema anaelewa, mtoto hawezi kuubeba ukweli siku nyingi, unamchosha. Akanipapasa kichwa. Mama yako mlimwambia malaria, akasema. Mimi mniachie niliyoambiwa.

Nilimpa ukweli uliokuwa uongo, akaupokea. Leo nimempa ukweli wenyewe, kwake umekuwa ile malaria ya mama. Na ni mimi niliyemwambia kwamba huwa tunawadanganya wanaokufa. Mimi, kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimempeleka Migato tabibu wa TB, na karatasi ya majibu yenye muhuri. Baba akamsalimia, akamshukuru kwa safari, akamwambia binti yangu alishanieleza. Kumbeba hospitali kwa nguvu? Wazee wamekataa. Mtu ametaja dume, wanasema, mnamrudisha wapi?

Tabibu akanivuta pembeni. Kwa mwili ule, bila dawa na bila kula, tusihesabu miezi.

Kile kitu cha pili cha kwenye karatasi yangu, kile kinachotaka kutulia, mimi nilikiona ni nadharia. Nimekikuta kimekaa kwenye kiti cha baba. Hakina huzuni wala hakigombani na mtu. Kinauliza habari za mvua.

Jumapili, 25 Mei

Mayunga ana akili yake. Dume likiondoka, akasema, mzee itabidi asubiri, achague lingine, hapo katikati tumpe dawa. Nilimkubalia. Mimi mwenye kozi! Sikuwa na lingine. Jana wakalichinja, nyama ikagawiwa majirani, nikaambiwa mzee amesikia kila kitu toka kitandani.

Leo nimefika nikamkuta uso unang'aa. Ameagiza ngozi iwambwe uani, mahali anapoweza kuiona akiwa mlangoni. Amesema afadhali, sasa Mayunga naye ameelewa. Ikikauka si kitu, italowekwa.

Mayunga amejificha kwenye pamba tangu asubuhi. Nimemfuata. Tukachambua pamba mpaka mikono ikauma, safi huku, fifi kule.

Jumatatu, 26 Mei

Matokeo ya insha. A. Dkt. Dastan ameandika kwa wino mwekundu wa kompyuta: "Mzee N. amenigusa. Naomba ruhusa nimtumie kufundishia mwakani." Wenzangu kwenye grupu wamemwaga makofi na maua.

Nimeandika: mwalimu, Mzee N. ni baba yangu na anakufa kwa sababu ya ukurasa wa nane. Nikafuta. Nikaandika asante.

Ile karatasi ya juu ya friji nimeibandua. Asiyeamini kifo ni mimi. Hata sasa naamini nitafika kesho, atakuwa amesimama mlangoni anaita ng'ombe.

Jumanne, 27 Mei

Nimechukua likizo. Niko Migato. Nimesaga vidonge nikavitia kwenye uji, Kabula akampelekea yeye ili asinishuku. Alipoonja akaweka kikombe chini, akamuuliza Kabula, kwa upole kabisa, nani amemtuma. Tangu hapo hanywi hata uji. Maji tu, na anayanusa kwanza.

Kwa hiyo vile vijiko viwili navyo nimevimaliza mimi.

Jumatano, 28 Mei

Saa tatu asubuhi. Naandika nyuma ya kihenge, haraka.

Leo amepungua mpaka saa ya mkononi imepanda hadi kwenye kiwiko. Nimekaa chini mbele yake, vidonge vitatu kiganjani. Nimemwambia tena, sijui mara ya ngapi: baba, ni TB, miezi sita. Hakubishana. Akaushika mkono wangu, akakunja vidole vyangu kimoja kimoja juu ya vidonge mpaka vikafunikika.

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Tangu siku ile niliyomwambia, amekuwa akilala vizuri. Ila leo ameamka na woga. Kidogo tu. Ameangalia ile ngozi pale uani, moyo ukamwenda mbio, hajui kwa nini. Ametamani maziwa. Amejiona kama mtoto, akaona aibu.

Woga! Tangu majibu yatoke nausubiri huo woga. Ukimkaa, atakunywa maziwa. Akinywa maziwa, atameza. Naujua mwili, kazi yangu ndiyo hiyo. Huo woga ndio baba yangu aliyebaki.

Nikamwambia, woga si aibu, baba, ngoja nikuletee maziwa. Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kuyaona, hata mama alipofariki. Akasema maziwa hapana. Kuna kimoja tu anachoomba. Nimwambie tena kama siku ile. Polepole, kwa Kisukuma, nikimtazama usoni. Kwamba haina dawa, kwamba wakati ndio huu. Yale maneno yalimtuliza, yaseme tena ng'wanone, akasema, mimi naogopa.

Nimemwambia nakuja. Nimekimbilia huku na daftari. Nikiyasema, analala. Nisipoyasema, namwacha anatetemeka peke yake, baba yangu, mzee wa miaka sabini na nane, na sijui huo woga utamfikisha kwenye dawa au utamuua nao kabla ya jioni.

Kabula ameacha kutwanga. Mayunga amesimama mlangoni, ananitazama mimi, si mzee. Baba ananiita tena. Anaita kwa adabu, kama mtu anayeomba maji kwa jirani.