Dari ya Mama Ndani ya Mashine Yako

Kaka yangu uliye Ulaya,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinifunza kukuamkia hata nikiwa na hasira nawe, na leo ninazo tele. Barua hii nimeiandika wazi, atakayeiona aisome. Wewe umewaonyesha wageni nyumba yetu darasani kwenu, na mimi nakujibu mbele ya watu.

Picha uliyoniletea imefika. Niliitambua nyumba mara moja, ingawa umeichora yote kwa pembetatu ndogondogo, imekuwa kama iliyofunikwa wavu wa dagaa. Upande wa kusini dari imebonyea, imekatika katikati. Nyuma umeandika kwa mkono wako: "Mdogo wangu, programu imefaulu! Imevunjika palepale, vilevile. Profesa amefurahi mno." Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipiga dari, lile paa letu bapa la chokaa juu ya boriti? Ikivuja, kabla ya masika baba alimwita fundi akamwaga chokaa mpya juu ya ile kuukuu, kisha wanawake wa mtaa wakapanda na vigongo kuipiga mpaka ishikamane. Hakuna aliyewahi kubandua ya zamani. Nasi tulipanda nao. Wewe ulipiga kwa fujo hadi Bi Mwanaisha, jirani yetu, akakufokea, "We mtoto, unapiga dari au unaua nyoka?" Tulicheka mpaka mama akapanda kutazama kuna nini. Jioni alitupaka mafuta ya nazi kwenye malengelenge ya viganja.

Halafu ukaenda kusoma uhandisi. Likizo yako ya mwisho ulikaa nasi barazani, mama akakuuliza, "Sasa baba, hiyo kazi yako ni kazi gani hasa?" Ukachukua kisu ukaukata mkate wa kumimina vipande vidogo. Ukasema kompyuta huikata nyumba hivyo, kisha hukiuliza kila kipande kinabeba nini na kinamsukumaje jirani yake. Ukaokota ufito ukaupinda kidogo, ukarudi. Ukaupinda zaidi, ukabaki umepinda. "Programu za wengine zinadhani kila kitu kitarudi," ulisema. "Yangu mimi inajua mahali ambapo mti hauwezi tena kurudi." Ukatusimulia na makasha ya kadi zilizotobolewa ambazo mashine huzisoma. Mama hakuelewa hata nusu yake, lakini kwa muda mrefu kila aliyepita barazani aliambiwa kwamba mwanawe anaiuliza nyumba, nayo inamjibu.

Baba alipofariki hukuja. Ulisema mitihani, tukakuelewa. Mama akakaa eda katika chumba chao cha juu, upande wa kusini. Masika yakaingia, na mimi nikaanza kufagia vumbi la chokaa kitandani kwake kila asubuhi. Nilipoinua macho niliona boriti zimeshuka. Nikaenda kwa mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, kumuuliza kama mjane anaweza kuhama.

"Mama anaogopa?"

"Mimi ndiye ninayeogopa, mwalimu."

"Basi ahame leo hii. Nyumba kutaka kuanguka ni udhuru. Eda ataimalizia kwa jirani, wala hana dhambi."

Bi Mwanaisha alishamtandikia. Mama ndiye aliyekataa. "Muulize kwanza kaka yako," alisema. "Sasa yeye ndiye mwenye nyumba."

Nikakuandikia. Ukanijibu nipime unene wa boriti, nafasi iliyo kati ya moja na nyingine, urefu wa chumba, na zimeshuka kiasi gani. Nilipanda ngazi na futi yangu ya cherehani, mama akinishikia chini huku akinihimiza nisikosee, kaka yako anangoja. Nilikupelekea kila ulichouliza. Unene wa chokaa hukuuliza. Jibu lako likaja kwa telegramu: "Dari itahimili. Mama asihame."

Mama aliiweka chini ya mto. Nilimbembeleza tena, nikalia mbele yake, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, najua mwalimu amenipa ruhusa. Lakini kaka yako amehesabu."

Dini ilimwambia atoke, kaka. Wewe ndiye uliyemwambia akae.

Dari ilianguka asubuhi, eda haijaisha, nami niko jikoni nachemsha chai yake. Wanaume wa mtaa walifukua hadi adhuhuri. Alizikwa kabla ya magharibi, karibu na baba.

Hukuja safari ile pia. Ilikuja barua yako ukinitaka nikae kwenye kifusi nipime unene wa chokaa, safu kwa safu. Nilidhani umeshikwa na uchungu. Nilidhani unataka kujua mama alikufaje, maana kila mtu na namna yake ya kulia. Kwa hiyo nikaenda na futi ileile. Kipande kimoja kikubwa kilikuwa kimesimama wima, chini kabisa safu za wakati wa babu, juu yake za baba, na karibu na juu zile tulizopiga sisi. Alama za vigongo zilikuwa bado zinaonekana. Unene wote ulipita shubiri mbili, na wewe ulikuwa umeiambia mashine safu moja tu, kama vitabu vyenu vinavyosema. Ungemuuliza mtoto yeyote wa mtaa huu angekwambia. Ungeiuliza mikono yako mwenyewe.

Kosa lile nilikusamehe palepale kwenye kifusi. Mtu hukosea. Nilikuandikia vipimo nikaongeza salamu na pole, nikakuomba usijitese.

Kumbe ulikuwa unatengeneza programu.

Hili la picha siwezi kulimeza. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Boriti zote zipo, chokaa sasa ipo safu zote, hata dirisha la baharini umelikumbuka. Lakini chumba ni kitupu. Hakuna kitanda, hakuna mswala, hakuna mto wenye telegramu chini yake. Kila mnapoiendesha mashine dari inaanguka juu ya sakafu isiyo na mtu, na nyinyi mnafurahi kwamba imeanguka sawasawa. Nakuchukia kwa jambo hilo, kaka. Nimejaribu neno jingine sikulipata.

Na mwisho wa maneno yako umeniomba nipime upande wa kaskazini uliobaki, eti nao uuingize kwenye mashine. Hukuuliza upande huo una nani. Ninalala mimi huko. Nyumba nyingine hatuna, na chokaa ya juu yangu ni ileile, ilipigwa siku zilezile, na vigongo vilevile.

Sipimi tena. Futi nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, utaikuta. Kaburi la mama mtu yeyote atakuonyesha. Na ukitaka kujua kama dari hii itahimili, usiiulize mashine. Njoo ulale chini yake.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa jikoni.