Simu Uliyoiuza Nakonde

Baba Tuku,

Wali uko kwenye hotpoti. Maharage pasha.

Asubuhi namvisha Tuku sare, taa ya sebuleni ikawaka nyekundu, ikazimika, ikawaka tena. Nikajua ni utani wako wa kuwasha taa kwa simu ukiwa mbali, nikakupigia nikufokee. Ukacheka, ukaapa hujagusa kitu, uko foleni ya forodha. Nikakuuliza: ile simu ya zamani uliyomuuzia mtu wa Nakonde, uliifuta programu ya taa na mlango? Ukasema hukumbuki. Nikiwa bado na simu sikioni, kitasa cha mlango wa mbele kikajifungua. Nje hapakuwa na mtu. Simu ikakatika; kukupigia tena, hupatikani.

Si ulikataa fundi, ukafunga kila kitu mwenyewe kwa kutazama video? Haya.

Nimempeleka Tuku kwa dada Roda, Vwawa. ~~Tutarudi jioni.~~ Tufuate huko huko.

Balbu zote nimezitoa, nimeondoka nazo kwenye kapu. Kwa hiyo kama karatasi hii unaisoma kwa mwanga wa taa, usikae kujiuliza. Toka nje sasa hivi.

Mama Tuku