Kadi ya Kliniki ya Rahma

Thorncliffe Park, Toronto
Machi 2019

Mdogo wangu mpenzi Zuhura,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limekubali tena kupanda ngazi. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi, ambacho ndicho habari yenyewe. Mjukuu wako naye ni mzima. Naliandika hilo mapema ili usome yote bila kurukia mwisho, maana nakujua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Jumamosi uliikata simu. Usiseme ni mtandao. Mtandao ukikatika huwa unapiga tena. Barua hii anakuletea mama mmoja tunayesali naye hapa. Anaondoka kesho kutwa na ataivusha mpaka Unguja mwenyewe. Isome yote, kisha ndiyo ukasirike.

Nilikwambia mwanao Rahma anaomba uchanjwe sindano ya kifaduro kabla hujamshika mtoto. Ukanijibu: "Nimelea watoto sita na wajukuu juu yao, leo nichomwe sindano ndiyo nimshike mtoto wa Rahma? Kwani mimi nina uchafu gani?" Ukasema sisi wawili tuliugua kifaduro, mama akatunywesha maziwa ya punda, tukapona na tukamalizana nacho. Halafu ukasema neno ambalo limeninyima raha tangu siku hiyo: "Na wewe mwenyewe, kaka, ndiye uliyemwambia kadi inatosha."

Ni kweli, nilisema hivyo. Sasa nataka ujue nilivyosema na kilichofuata, kwa sababu sidhani Rahma amekueleza. Amenisitiri kama binti aliyelelewa vizuri.

Ilikuwa Desemba, mimba yake ina wiki ishirini na nane. Mumewe Idrisa alikuwa kazini, nikampeleka mimi kliniki. Nilivaa koti na tai kama mtu aendaye kutoa ushahidi, na mfukoni nilichukua ile kadi yake ya chanjo za utotoni uliyoifunga kwenye nailoni na kuificha katikati ya khanga zake alipokuja kuolewa huku. Nilikuwa nimeisoma vizuri: sindano tatu za kifaduro, kila moja na tarehe yake na saini yake. Nikajiona nina hati mkononi.

Muuguzi, mwanamke wa makamo wa Kifilipino, aliigeuza kadi pande zote mbili. Akamwambia Rahma, "Mama yako ni mtu makini. Huku watu wanapoteza kadi za mwaka jana." Nikafurahi kwa niaba yako. Kisha akasema, "Lakini sindano ninayotaka kukuchoma leo si yako. Ni ya mtoto."

Alieleza polepole, na mimi nilimsikiliza kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema. Kinga tuliyopata utotoni, iwe kwa sindano au kwa kuugua, hupungua miaka inavyokwenda. Mama akichanjwa katika miezi ya mwisho ya mimba, mwili wake hutengeneza kinga mpya na kumpitishia mtoto humo humo tumboni. Mtoto huzaliwa nayo, ikamlinda mpaka afike miezi miwili aanze sindano zake mwenyewe. Kila mimba ina sindano yake.

Nikamwambia nimesoma, Zuhura. Hilo ndilo neno nililolitumia: nimesoma. Nikamwambia mwili ukishajifunza adui wake haumsahau, na mtu hachanjwi mara mbili kwa jambo lililokwisha kukamilika.

"Unasahau, mzee," akasema muuguzi.

Nikacheka. Rahma alitutazama mmoja mmoja, kisha akaitazama mikono yake. Akasema, "Basi tutafikiria." Tukaondoka. Njiani nilimnunulia machungwa, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Mwisho wa Januari nikaanza kukohoa. Nilidhani ni baridi. Mwaka huu imekuwa kali, na hewa ya joto inayotoka ukutani hapa ghorofa ya kumi na mbili inakausha koo. Wiki ya kwanza ilikuwa mafua tu. Wiki ya pili ikawa kitu kingine. Nilikaa saa nzima bila kukohoa, kisha kikanishika kikanitikisa mpaka machozi yakatoka.

Jumapili ya pili ya Februari, Rahma na Idrisa walikuja kula kwangu kama kawaida yao. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tumekaa, nimemega tonge la kwanza, kikaja. Nilikwenda jikoni nikishika kuta. Nilikohoa bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, nikatapika ndani ya sinki, na pumzi ilipoingia iliingia na ile sauti. Wewe unaijua. Nilikuwa na miaka minane nilipoisikia mara ya mwisho, ikitoka kwako, na mama amekushika mabega juu ya beseni.

Idrisa, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, alinipigia kelele kutoka mezani: "Mjomba, hilo gari lako linataka plagi mpya!" Ni mcheshi yule kijana. Rahma hakucheka. Alisimama mlangoni mwa jiko, mkono juu ya tumbo.

"Mjomba, huko ni kukohoa gani?"

"Baridi tu, mwanangu. Rudi ukale."

Hakurudi kula, wala hakunikaribia. Akasema, "Idrisa, nipe koti langu."

Jumatatu nilikwenda kwa daktari. Alinitia kijiti chembamba puani mpaka nikahisi kimefika nyuma ya jicho, akanipa dawa za siku tano na kuniambia nisitoke. Jumatano nikapigiwa simu na mama mmoja wa ofisi ya afya ya mji. Sauti yake ilikuwa ya upole, na maswali yake mafupi. Ni kifaduro, akasema. Je, wiki hizi tatu ulikaa na nani? Ulikula na nani? Kuna mtoto mchanga? Kuna mjamzito?

Nilitaja jina la mwanao herufi kwa herufi, Zuhura, kwa mtu nisiyemjua, na yeye akiliandika.

"Ana wiki ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Alichanjwa katika mimba hii?"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Nilimpigia Rahma mwenyewe kabla hawajampigia wao. Nilimweleza yote. Akasema, "Mjomba, mimi siku ile nilitaka kuchanjwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe umevaa tai?"

Ulimkabidhi kwangu uwanja wa ndege ukasema, huyu sasa ana mjomba. Nilidhani maana yake ni kuwa niwe na majibu.

Alhamisi alipewa dawa za kujikinga, yeye na mumewe, na akachomwa ile sindano. Aliyemchoma alikuwa yule yule muuguzi wa Desemba. Rahma anasema hakumlaumu hata kwa jicho. Alimwambia tu kwamba mwili unahitaji kama wiki mbili kutengeneza kinga ya kutosha na kumfikishia mtoto. "Mwambie mtoto asiwe na haraka," akasema.

Kuanzia siku hiyo nilihesabu mambo mawili. Nilihesabu siku kumi na nne za sindano, zisikatwe na uchungu. Na nilihesabu wiki tatu tangu ile Jumapili, muda ambao kikohozi kingeweza kumtokea Rahma kama nilikuwa nimemwambukiza. Nilimpigia kila asubuhi, nikisikiliza pumzi yake kuliko maneno. Siku ya sita alikohoa mara moja katikati ya sentensi, nikasimama.

"Pilipili, mjomba," akasema. "Nimeonja mchuzi. Kaa chini."

Alijua nimesimama.

Mtoto alikuwa na haraka. Alizaliwa siku ya tisa, binti, mzuri, kilo tatu kasoro kidogo. Siku tisa si kumi na nne. Daktari alisema amepata sehemu ya kinga, na hakuna mtu anayeweza kupima ni sehemu gani. Akawaambia kwamba mtoto mchanga akishikwa na kifaduro huenda asikohoe hata kidogo wala asitoe ile sauti. Anaacha tu kupumua. Tangu aliposikia hayo Rahma hulala ameketi, mkono wake kifuani mwa mtoto, na Idrisa humpokea zamu kabla hajaenda kazini.

Walikuwa wamenichagua mimi nimwadhinie mtoto. Dawa nilikuwa nimezimaliza zamani, daktari alisema siambukizi tena, kikohozi kilichobaki ni majeraha ya njia ya hewa na huenda kikakaa miezi. Lakini kuadhini ni mdomo juu ya sikio la mtoto, Zuhura, na mimi nilikwisha kuwa na uhakika mara moja msimu huu wa baridi. Nilikataa. Idrisa akaniomba nimfundishe kwa simu, akiwa kwenye ushoroba wa hospitali. Alirudia maneno baada yangu kama mtu anayevuka barabara ya magari mengi. Kisha akaniuliza, "Sikio la kulia, la kwangu au la kwake?" Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, na nilishukuru kwamba mji mzima ulikuwa kati ya mdomo wangu na mtoto.

Zile wiki tatu zimekwisha na Rahma hakuugua. Kwa upande wangu, basi, hatari imepita. Sasa uliyebaki ni wewe.

Tiketi yako ni ya mwisho wa mwezi huu. Utapita viwanja vitatu vya ndege, utakaa saa nyingi katikati ya watu wanaokohoa, na utafika kwa mtoto wa mwezi mmoja ambaye kinga yake hatuijui kipimo. Ule ugonjwa wetu wa utotoni haukulindi. Mimi na wewe tuliugua mwezi mmoja, tukanywa maziwa ya punda yule yule, na mimi nimeugua tena nikiwa na miaka sabini na mitatu. Kama unataka ushahidi, ushahidi ni mimi. Wala hili si suala la uchafu. Nilikuwa nimeoga na nimetoka kusali nilipomkoholea mwanao chakulani.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Ukishaisoma barua, nenda hospitali kuu ukaulize kama wana chanjo ya watu wazima ya pepopunda iliyochanganywa na kifaduro. Siyo ya pepopunda peke yake. Waulize mara mbili. Mimi nimejaribu kuuliza nikiwa huku, sikupata jibu la hakika. Ukiipata wiki hiyo hiyo, basi siku utakapofika Toronto itakuwa imeshaanza kufanya kazi, na utamchukua mtoto siku hiyo hiyo. Usipoipata, utachomwa hapa siku utakayotua, na utakaa kwangu Thorncliffe siku kumi na nne. Nimehesabu: arobaini ya mtoto itapita ukiwa bado huku kwangu, na Rahma yuko Crescent Town, nusu saa kwa basi. Najua ninachokuomba. Najua ulikuwa umeshanunua ubani na liwa, na kwamba katika wajukuu wote hakuna arobaini uliyoikosa.

Kuna njia ya tatu, ambayo ni kukataa. Nimeongea na Rahma juu ya hiyo pia. Alilia, akasema, "Mjomba, nitamwambiaje mama yangu mzazi asimshike mtoto? Nitamfungulia mlango, halafu nimwambie nini?" Nikamwambia hatasema kitu. Mwezi wa Desemba alishindwa kuniambia hapana mimi, mjomba wake tu, na angalia tulipofika. Sitaki ajifunzie neno hilo kwako. Ukija bila kukubali sindano, nitakupokea mimi uwanja wa ndege, nitakuleta kwangu, na atakayekukatalia njia ya Crescent Town ni mimi. Unikasirikie mimi. Nimezeeka, nitastahimili, na safari hii nina hakika kwa sababu nimeambiwa na wanaojua.

Nisalimie shemeji, umwambie redio yake bado naitafutia kile kipuri. Nisalimie shangazi yetu mdogo, na yule mkweo wa Makunduchi aliyeniombea dua, mwambie imefika. Wakumbatie wajukuu wote, hasa huyo anayekusomea barua, kama macho yamechoka. Mwambie asiruke hata sehemu utakayomwambia aruke.

Nipigie simu ukishatoka hospitali. Usiniambie kwanza habari za goti wala za mvua. Niambie umeipata au hukuipata, na kama hukuipata, niambie unakuja vile vile. Kitanda cha chumba cha pili nimeshakitandika.

Ni mimi kaka yako,
Haji