Umeokoka Lini?

Mikumi, 16 Juni 2025. Leo natimiza miezi minne na siku tatu tangu niondoke Tindiga.

Mama Debora,

Habari za hapo? Mama mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, mgongo tu unauma kwa kubeba tofali. Mpunga mmeshavuna?

Jumatano fundi Octavian alinipeleka kwenye kikundi chao cha kusoma Biblia. Tuko saba, tunakalia ndoo za rangi. Kiongozi, dada Costancia, akaniuliza, "Kaka Zabron, umeokoka lini?"

Nikajibu, "Mwaka wa mafuriko, dada. Nilishika mti mpaka maji yakapungua."

Octavian alicheka nusura aanguke. "Wewe! Tunauliza habari za Yesu, siyo za mto!"

Costancia hakucheka. "Huo nao ni ushuhuda. Jumapili ya mwisho wa mwezi utausimulia kanisani."

Tangu hapo sielewi kitu. Sikuwaambia kwamba mkono mmoja ulishika mti, mwingine ulimshika Debora wetu, na huo ndio uliochoka. Hata wewe nilikudanganya kwamba maji yalimchukua akiwa mbali nami. Sasa nisimame niseme Mungu aliniokoa? Alinichagua mimi akamwacha mtoto? Au ni mimi niliyechagua mti? Nimeishia darasa la tano, haya yamenizidi, na kwenye simu nisingeweza kuyasema.

Kanisani sitasimama kabla sijasimama mbele yako. Nitafika Jumamosi tarehe 28, jioni. Kama ni kunifukuza, unifukuze nikiwa mlangoni.

Mumeo,
Zabron