Agnès hajamlilia mama yake

Mama Paskalia mpendwa,

Salamu kutoka Bellevue, huku ukimbizini. Naomba unisaidie kufikiri, kwa sababu peke yangu nimeshindwa. Naitwa Lambert, mtu wa Bukavu, fundi cherehani, nashona Jeppestown. Bibi yangu Agnès anasuka nywele katika saluni karibu na Joubert Park, na mama, nikikuambia nampenda huyo mwanamke sikutanii, ni mtu wa kuchekesha, wateja wanabaki kwenye kiti hata baada ya nywele kwisha, wanataka tu kumsikia akiongea.

Mwaka huu mama yake alifariki kule kwetu. Agnès hakuweza kwenda, karatasi zetu za ukimbizi haziruhusu kurudi tulikokimbia, basi tukazika kwa simu, tumekaa kitandani mimi na yeye na binti yetu Arlène, shemeji Marcellin ameshika simu yake kaburini, na walipoanza kushusha sanduku mtandao ukakatika, picha ikaganda kwenye mabega ya watu, tukapiga, tukapiga, wapi. Mtandao uliporudi watu walikuwa wameshaondoka. Agnès akanawa uso akaenda kupika. Kesho yake akaenda kazini. Kanisani wote wakamsifu, eti huyu ni mwanamke wa nguvu, na mimi nikafurahi, nikasema Mungu amembeba.

Tangu hapo hachekeshi tena. Anakula kidogo sana, anasukuma sahani. Anasugua masufuria yaliyo safi. Anajifungia bafuni na simu, nasikia kupitia mlangoni sauti ya marehemu, zile jumbe alizokuwa anamtumia, mara analalamikia kuku wa jirani, mara anauliza kama sombe, yale majani ya muhogo, huku ni laini, na Agnès anazirudisha mwanzo. Lakini machozi hakuna. Arlène, ambaye Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza tu, aliniuliza kama mama amemkasirikia.

Halafu juzi alimwacha mteja kichwa kimesukwa nusu, akatoka bila mkoba. Tulimtafuta mimi na wenzake wa saluni, tukamkuta bustanini pale Joubert Park, amesimama akiwatazama wanaume wanaocheza chesi. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama Arlène, twende nyumbani." Akaniuliza kwa upole kabisa, "Lambert, walimfukia vizuri?"

Nilimpeleka kliniki. Nesi akasema hii ni huzuni iliyozidi, inatibika, akatuelekeza kwa mshauri, dada mmoja anaitwa Lerato. Agnès akakataa. "Mimi si kichaa. Na huyo dada hajui Kiswahili. Nitamsimuliaje mama yangu kwa Kiingereza?" Angélique, dada yake Agnès kwa baba mkubwa, anasema ni roho mbaya, apelekwe nyumba ya maombi akafunge kula mpaka imtoke, na pasta amekubali kumpokea Jumapili. Mimi nimewaza kumdanganya, nimwambie tunaenda kuchagua vitambaa, tukifika kwenye robot, zile taa za barabarani, nikate kona mpaka kwa huyo Lerato. Nifanye hivyo, au nimwachie pasta? Eish, mama, nisaidie.

Lambert, Bellevue

*

Baba Arlène,

Poleni sana na msiba. Barua yako niliisoma mara mbili, chai ikapoa mezani. Sasa acha nikugombeze kidogo, maana unapendeka.

Mtu amefiwa na mama, kesho yake anasuka vichwa vya watu, na ninyi mnapiga makofi! Kwetu na kwenu mfiwa anakalishwa chini, anapikiwa, anashikwa. Agnès nani alimkalisha? Mnashangaa hajalia, na nafasi ya kulia mlimpa wapi?

Kumdanganya, hapana. Akigundua umemtega hatakuamini tena, na wewe ndiwe aliyekuchagua akuulize swali lake la maziko. Hebu niambie, ulimjibu? Hukuniandikia jibu. Mtafute Marcellin, akae na Agnès kwenye simu, amweleze yote: nani walishusha sanduku, nani aliomba, nani alitupia udongo wa kwanza, kaburi liko upande gani. Asiruke kitu.

Kisha wekeni kilio hapo sebuleni kwenu, hata kama miezi imepita. Maombi ni mema, mimi mwenyewe nasali, ila mtu asiyekula hafungishwi. Mwambie pasta aje kwenu Jumapili hiyo, aombe, ale pamoja nanyi, aende zake. Angélique mpe kazi ya kupika.

Kwa Lerato mwende pia, kilio si badala ya matibabu. Agnès si kichaa, na kuhusu lugha ana haki kabisa. Mimi nimeolewa na mtu wa hapa tangu alipokuwa uhamishoni kwetu Morogoro, na mpaka leo Kiingereza changu kinanunua mboga, hakilii. Ombeni mkalimani. Asiwe wewe, na Arlène asiwe kabisa, mzigo huo si wa mtoto. Mtoto mwambie ukweli leo: mama hajakukasirikia, mama amefiwa. Na Agnès akisema hata kwa utani kwamba anataka kumfuata mama yake, usingoje miadi. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe kula, baba. Umeandika yote hayo na hujagusia hata mara moja wewe unaendeleaje.

Paskalia

*

Wasomaji wangu, Lambert amenipigia simu na kuniruhusu niongeze haya. Marcellin alieleza yote, mpaka jina la aliyeshika koleo. Jumapili watu walijaa sebuleni, Agnès amekaa chini kwenye mkeka, macho makavu, mpaka Arlène alipomsogelea na kumuuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika-vunjika, "Bibi alikuwa namna gani?" Agnès akaanza kumwiga mama yake akigombana na kuku, watu wakacheka, na katikati ya kicheko akalia. Alilia mpaka jioni, Angélique amempakata.

Kwa Lerato wamekwenda, na mkalimani ni mama mmoja wa Uvira. Lambert alingoja nje akitafuna kucha. Agnès alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akamwambia, "Nimechoka. Wiki ijayo unilete tena."